Jenereta shuleni: Tumepata mwanga, tumepoteza sauti

Miongoni mwa mali ambazo shule zetu za bweni hujivunia siku hizi ni jenereta. Mgeni akizuru shule, mwalimu mkuu humwonyesha maktaba, humwonyesha maabara, kisha humpitisha kando ya kibanda cha mabati ambamo mtambo huo umehifadhiwa, na kumweleza kwa fahari kwamba hata stima ikipotea, masomo ya jioni hayakatizwi. Sina ugomvi na fahari hiyo. Ninalotaka kuuliza ni swali ambalo aghalabu halizushwi siku mtambo unapoteremshwa kutoka kwenye lori: je, utawekwa wapi?

Haja ya jenereta haina mjadala. Waliokuwa shuleni mwaka 2000 wanakumbuka jinsi ukame ulivyokausha mabwawa na umeme ukagawanywa kwa zamu nchini kote. Tarehe 7 Juni 2016, tumbili mmoja aliangukia transfoma katika kituo cha Gitaru, na taifa zima likaingia gizani. Tarehe 25 Agosti 2023 umeme ulikatika tena karibu kila pembe ya nchi, hata abiria katika Uwanja wa Ndege wa Jomo Kenyatta wakajikuta kizani kwa kuwa jenereta zilizotarajiwa kuwaokoa zilikataa kunguruma. Katika hali kama hiyo, shule inayojiwekea akiba ya umeme haistahili lawama bali pongezi.

Hata hivyo, kununua mtambo ni jambo moja na kuuweka mahali panapostahili ni jambo jingine. Katika shule nyingi, uamuzi wa mahali hufanywa na mhasibu pamoja na fundi wa umeme, nao huongozwa na hoja moja tu: ukaribu na swichi kuu. Kwa kuwa swichi kuu huwa katika jengo la utawala au mwisho wa safu ya madarasa, jenereta nayo huishia papo hapo, nyuma ya ukuta, chini ya dirisha. Mwalimu wa lugha haulizwi. Mwanafunzi anayeketi karibu na dirisha hilo haulizwi. Mimi ni mwanaisimu, na sauti za lugha ndizo kazi yangu; kwa hiyo nitasema kwa niaba ya hao wasioulizwa.

Tuanze na sauti yenyewe. Neno linapotamkwa, nguvu zake hazigawanywi sawasawa. Irabu ndizo zenye sauti nene na nguvu nyingi, na sehemu kubwa ya nguvu hizo hukaa chini ya mitetemo 1,000 kwa sekunde. Konsonanti, hasa zile sighuna kama /s/, /f/, /th/ na /sh/, ni dhaifu mno kwa nguvu, na alama zinazozitambulisha hukaa juu, kati ya mitetemo 2,000 na 8,000 hivi. Lakini kazi ya kutenganisha neno na neno hufanywa zaidi na hizo dhaifu. Mtu akisema "thamani", mwingine akasema "samani", na wa tatu akasema "zamani", tofauti yote imebebwa na konsonanti moja ya mwanzo. Ifunike konsonanti hiyo, na bei ya kitu, kiti cha kukalia na enzi za mababu vyote vitakuwa kitu kimoja masikioni mwa msikilizaji.

Sasa itazame jenereta. Zile ndogo za petroli zinazotumika nchini huzunguka takriban mara 3,000 kwa dakika, kwa sababu umeme wetu ni wa hezi 50. Injini yake yenye silinda moja hulipuka mara 25 kila sekunde, na juu ya mlipuko huo huongezeka mlio wa feni, mtikisiko wa bati na mvumo wa bomba la moshi. Kelele yake, basi, ni nzito, na kelele nzito ina tabia moja ambayo wataalamu wa usikivu wameijua kwa muda mrefu: ikizidi ukali, huenea juu na kufunika sauti nyembamba zilizo mbali nayo. Sauti nyembamba haziwezi kuifunika kelele nzito kwa kiasi hicho. Ni vita vya fahali na ndama. Irabu za mwalimu husalia, konsonanti zake zikamezwa. Mwanafunzi husikia kwamba mwalimu anasema, lakini hasikii anasema nini.

Katika Kiswahili hasara hiyo ni kubwa kuliko wengi wanavyodhani, kwa sababu sarufi yetu imejengwa juu ya viambishi vifupi. Umoja na wingi wa "kitabu" na "vitabu" hutenganishwa na konsonanti moja. Wakati uliopita, uliopo na ujao katika "alipika", "anapika" na "atapika" umebebwa na silabi moja isiyo na mkazo. Mfano unaonikera zaidi ni wa "atakuja" na "hatakuja". Kinachotenganisha ahadi na kanusho hapo ni /h/ peke yake, nayo ni pumzi tu, sauti dhaifu miongoni mwa zote tulizo nazo. Jenereta iliyo dirishani haihitaji hata kunguruma sana ili kuifuta. Mwalimu amesema kwamba mgonjwa hatakula chakula hicho; mwanafunzi ameandika kwamba atakula. Nani wa kulaumiwa?

Wapo watakaosema kwamba akili ya msikilizaji hujaza mapengo. Ni kweli, na sisi watu wazima hufanya hivyo kila siku katika matatu na sokoni. Lakini pengo hujazwa kwa kile ambacho tayari tunakijua. Anayeijua lugha kikamilifu na mada kikamilifu hukisia na kupata. Anayejifunza lugha na mada kwa pamoja hana hazina ya kukisia kutoka kwayo. Utafiti umeonyesha mara nyingi kwamba watoto huhitaji utulivu zaidi kuliko watu wazima ili kuelewa maneno yale yale, na kwamba anayesikiliza lugha ambayo si yake ya kwanza huathiriwa na kelele kuliko mzawa wa lugha hiyo. Wanafunzi wetu wengi wana sifa zote mbili. Ni vijana, na wanafundishwa kemia kwa Kiingereza, lugha ambayo kwao ni ya pili au ya tatu. Istilahi mpya ikitajwa mara moja tu chini ya mngurumo, kijana hana pa kuikisia.

Kuna vipimo vya jambo hili. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 1999 kuhusu kelele, lilipendekeza kwamba darasa lisizidi desibeli 35 wakati wa masomo. Wataalamu wa sauti hutaka sauti ya mwalimu iishinde kelele kwa takriban desibeli 15 inapomfikia mwanafunzi. Msomaji asiyezoea desibeli akumbuke kwamba kipimo hiki hakipandi kama rula: kila desibeli 10 zinazoongezeka ni nguvu mara kumi. Sauti ya mazungumzo ya kawaida, ikipimwa mita moja kutoka kinywani, ni desibeli 60 hivi, nayo hufifia kadiri inavyosafiri kuelekea madawati ya nyuma. Ikiwa kelele inayoingia dirishani ni desibeli 55, hesabu imekwisha: aliye nyuma amehudhuria somo kwa mwili tu.

Mwalimu naye hufanya nini? Hupaza sauti. Mwaka 1911 daktari Mfaransa Étienne Lombard alieleza kwamba mtu akizungukwa na kelele hupandisha sauti yake bila hata kujitambua, na hadi leo hali hiyo inaitwa kwa jina lake. Jambo la kusikitisha ni kwamba dawa hiyo ya asili haitibu. Tunapopiga kelele tunazikuza irabu zaidi ya konsonanti, yaani tunaongeza kile ambacho tayari kinasikika na kukiacha kile kinachopotea. Baada ya saa mbili mwalimu amekauka koo, na kesho yake anafundisha kwa sauti ya kukwaruza. Wafanyakazi wachache hutegemea koo zao kama walimu, na bado hatuihesabu sauti ya mwalimu miongoni mwa vifaa vya shule vinavyopaswa kutunzwa.

Je, madhara haya huonekana katika matokeo ya masomo? Mwaka 1975 mtafiti Arline Bronzaft na mwenzake Dennis McCarthy walichapisha uchunguzi wao kuhusu shule moja ya msingi mjini New York, iliyojengwa kando ya reli iliyoinuliwa juu ya nguzo. Watoto wa madarasa yaliyoelekea reli walikuwa nyuma katika kusoma wakilinganishwa na wenzao wa upande uliotulia, katika jengo lile lile. Baadaye reli iliwekewa vipande vya mpira na dari za madarasa zikafunikwa kwa vifaa vya kunyonya sauti. Bronzaft aliporudi kupima, katika ripoti ya mwaka 1981, tofauti ile ilikuwa imetoweka. Vivyo hivyo mjini Munich, Ujerumani, uwanja wa ndege wa zamani ulipofungwa mwaka 1992 na mwingine kufunguliwa kwingineko, watoto waliokuwa karibu na ule wa zamani waliendelea vyema zaidi katika kusoma na katika kumbukumbu, nao waliopata ujirani na ule mpya wakaanza kurudi nyuma. Funzo ni kwamba kelele hudhuru, na kwamba ikiondolewa madhara hupungua. Hili la pili ndilo linalopaswa kututia moyo.

Najua jibu litakalotolewa upesi: reli na ndege ni za kila siku, ilhali jenereta huwashwa kwa saa chache tu. Hoja hiyo ina uzito, lakini na tutazame saa hizo ni zipi. Ni zile za jioni, wakati wa marudio. Ni zile za mitihani, ambapo shule huogopa kukatikiwa na umeme. Ni zile za mvua na dhoruba, ambapo bati la paa tayari linapiga ngoma. Tena mtaala wa umilisi unaofuatwa sasa umeiweka stadi ya kusikiliza na kuzungumza mbele kabisa katika somo la Kiswahili. Hatuwezi kutangaza kwamba tunafundisha kusikiliza, kisha tukaweka injini chini ya dirisha la darasa.

Vyuo vikuu pia havijasalimika. Niliwahi kualikwa kutoa mhadhara wa fonetiki katika ukumbi mmoja ambao jenereta yake ilikuwa imeegemezwa ukutani, hatua chache kutoka jukwaani. Nilikuwa nikieleza tofauti ya /f/ na /v/ kwa maneno "fua" na "vua". Nilipowaomba wasikilizaji waandike neno nililolitamka, safu tatu za mbele ziliandika moja, safu za nyuma zikaandika jingine, na wengine wakaandika "sua". Waandaaji walikuwa wameleta kipaza sauti, lakini kipaza sauti chenyewe kilikuwa kikiubeba mngurumo pamoja na maneno yangu.

Mbali na masikio, kuna mapafu. Moshi wa injini hubeba gesi ya kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu, ambayo hushikamana na himoglobini ya damu kwa nguvu inayoishinda oksijeni kwa zaidi ya mara 200. Jenereta za petroli, ambazo ndizo ndogo na za bei nafuu, huitoa kwa wingi kuliko za dizeli. Mtu anaweza kuanza kwa maumivu ya kichwa na usingizi, akadhani ni uchovu wa masomo, kisha asiamke. Nayo dizeli ina lake: mwaka 2012 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, liliuorodhesha moshi wake miongoni mwa mambo yanayosababisha saratani kwa binadamu. Jenereta kuwekwa chini ya dirisha la bweni, au ndani ya stoo inayopakana nalo, si suala la starehe tena. Ni suala la uhai.

Inafaa tujifunze kwa wale ambao hawana nafasi kabisa. Huko Marekani wapo watu wanaosafiri likizoni kwa magari makubwa yenye vitanda, jiko na choo ndani yake, na mengi hubeba jenereta yake. Gari lenyewe halizidi urefu wa basi, hivyo mtambo hauwezi kupelekwa mbali. Watengenezaji wamelazimika kufikiri: huufungia ndani ya sanduku la chuma lililotandikwa vifaa vya kunyonya sauti, huukalisha juu ya mipira inayozuia mtikisiko, huelekeza bomba la moshi nje, mbali na mlango na madirisha, na ndani ya gari huwekwa kengele ya kutambua kaboni monoksidi. Baadhi ya wasafiri huunganisha bomba refu linalopanda hadi juu ya paa ili moshi usiwaingie majirani. Kanuni za mbuga za taifa za nchi hiyo zinakataza mashine inayozidi desibeli 60 ikipimwa kwa umbali wa futi 50, yaani mita 15 hivi, na kambi nyingi zimeweka saa ambazo jenereta hazipaswi kuwashwa kamwe. Ikiwa mtu aliye likizoni analindiwa usingizi wake namna hiyo, mwanafunzi wetu aliye kazini hastahili kulindiwa somo lake?

Shule, tofauti na gari, ina uwanja, na umbali ndio dawa ya kwanza. Katika eneo la wazi, kila umbali unapoongezeka maradufu, kelele hupungua kwa desibeli 6 hivi. Mtambo wenye desibeli 70 kwa umbali wa mita 7, kipimo ambacho watengenezaji wengi hukitumia, utakuwa na 64 kwa mita 14, na 58 kwa mita 28, na 52 kwa mita 56. Ukipita mita 100 utakuwa umekaribia 46. Ongeza jengo lisilo na wasikilizaji, kama vile ghala au stoo ya kuni, baina ya mtambo na madarasa, na kelele itapungua zaidi, kwa sababu ukuta unaokata njia ya moja kwa moja baina ya injini na sikio hufanya kazi kubwa.

Dawa ya pili ni namna ya kujenga. Mtambo uwe na msingi wake wa saruji usioungana na wa darasa, kwa maana mtikisiko husafiri ndani ya mawe pia. Kibanda kiwe na matundu ya hewa yaliyoelekezwa upande usio na watu, si kufungwa kabisa, la sivyo injini itaungua. Bomba la moshi lipande juu ya paa. Petroli na dizeli zihifadhiwe kando. Na upepo uangaliwe: shule za Pwani zikumbuke kwamba kusi na kaskazi hupokezana, hivyo mahali ambapo moshi hauwafikii wanafunzi mwezi wa Julai huenda pakawaelekea mwezi wa Januari.

Mhasibu atanijibu kwamba waya mrefu ni ghali, na kwamba jenereta iliyo mbali na ofisi huibwa. Simpuuzi. Waya wa shaba una bei yake, na ukiwa mrefu hauna budi kuwa mnene zaidi ili umeme usidhoofike njiani. Lakini waya hununuliwa mara moja, nao mngurumo hulipiwa kila jioni. Kuhusu wizi, mtambo na ujengwe karibu na lango, ambako mlinzi hukesha, badala ya karibu na darasa, ambako mwanafunzi husoma. Nao walinzi wajengewe kibanda chao mbali na moshi. Wahenga walisema kwamba rahisi huvunja upishi, na upishi unaovunjwa hapa ni elimu.

Sheria nayo ipo. Kanuni za kelele za mwaka 2009, zilizotungwa chini ya sheria ya mazingira ya mwaka 1999, zimeweka kikomo cha desibeli 40 mchana na 35 usiku kwa maeneo ya ukimya. Tumezoea kuzikumbuka kanuni hizo pale kilabu cha pombe kinapowasumbua wakazi, au spika za mhubiri zinapokesha. Ni nadra kumsikia mtu akizitaja dhidi ya shule yenyewe, kana kwamba kelele ikizalishwa na shule hugeuka kuwa elimu. Bodi za usimamizi zinapoidhinisha ununuzi wa jenereta hazina budi kudai ramani ya mahali itakapowekwa na kipimo cha kelele kitakachofika katika dawati lililo karibu zaidi, kabla hundi haijatiwa sahihi. Na pale ambapo mitambo ya jua na betri inaweza kuwasha taa za madarasa, taa hizo zitangulie kuhamishiwa huko, maana betri haingurumi wala haitoi moshi. Jenereta ibakie ya pampu na mashine nzito.

Walimu hamhitaji kungoja bodi ili mjue hali yenu. Jioni moja jenereta ikiwa inanguruma, simama mbele ya darasa ukasome imla ya maneno 20 yaliyochaguliwa kwa makini: "thamani" na "samani", "fua" na "vua", "saba" na "shaba", "atakuja" na "hatakuja". Yasome kwa sauti yako ya kawaida, kila moja mara moja tu. Siku ya pili, mtambo ukiwa umezimwa, rudia zoezi hilo kwa kuyapanga upya maneno yale yale. Linganisheni makosa, na mhesabu hasa ya wale wanaoketi nyuma na kando ya madirisha. Wanafunzi wachore ramani ya darasa wakionyesha makosa yalikokusanyika. Hilo ni somo la lugha, la hisabati na la uraia kwa pamoja. Kisha ipelekeni ramani hiyo kwa mwalimu mkuu na kwa mwenyekiti wa bodi. Malalamiko huweza kupuuzwa, lakini karatasi inayoonyesha kwamba safu nzima ya watoto ilisikia "atakuja" pale mwalimu aliposema "hatakuja" itamtaka mkubwa aieleze.